Mstari Ulichorwa Lini?

Leo nataka tuzungumze juu ya waya. Sisemi waya wa nyumbani kwako, unaotoka kwenye mita ya LUKU kwenda kwenye taa na jokofu. Nasema ule mkubwa, unaoning'inia juu ya minara ya chuma, ambao ukisafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro unauona ukipanda vilima na kukata mashamba ya watu. Sisi wa mjini hatuutazami. Tunaukumbuka usiku umeme unapokatika, na hapo huwa tunaukumbuka kwa matusi. Lakini minara ile haikusimama hewani. Kila mnara una miguu yake, na miguu hiyo imekanyaga shamba ambalo mtu alilima, au baba yake alilima.

Nilikuwa bado mgeni kazini, nimetoka chuoni na stashahada yangu ya uandishi wa habari, kinasa sauti begani, nilipotumwa kwenda kijiji kimoja cha Mkoa wa Morogoro. Wataalamu wa mradi mmoja wa njia ya umeme walikuwa wameitisha mkutano wa kijiji chini ya mwembe mkubwa. Wanaume walikaa kwenye mabenchi ya shule, akina mama wakatandika kanga zao chini kama kawaida. Mezani palitandazwa ramani, na katikati ya ramani pamepita mstari mwekundu. Kiongozi wa msafara, kijana mstaarabu mwenye sauti nzuri, alieleza habari za megawati na maendeleo, kisha akasema, "Leo tumekuja kuwashirikisha."

Akasimama mzee mmoja, kofia mkononi. Akauliza, "Mwanangu, huo mstari mwekundu umechorwa lini?"

"Mwaka jana, mzee wangu."

"Basi kutushirikisha kulikuwa mwaka jana. Leo mmetuletea taarifa. Asanteni kwa taarifa." Akakaa.

Watu walicheka, na yule mtaalamu naye akacheka. Nami nilikuwa nimeyanasa yote. Lakini niliporudi studio nikaambiwa nafasi katika taarifa ya habari ni dakika moja, na katika dakika ile nikaiweka sauti ya mtaalamu na habari ya megawati. Ya mzee nikaikata. Hakuna aliyeniagiza niikate. Niliona tu kwamba habari ni mradi, na mzee ni kichekesho cha pembeni.

Swali lile nimekuja kulikuta tena vitabuni, limeulizwa na watu wasiofanana na mzee yule kwa lolote: wakulima wa jimbo la Minnesota, kaskazini ya Marekani, katika miaka ya 1970. Naomba tukae kwao kwa muda. Wale hakuna awezaye kusema kwamba walipinga kwa sababu hawakusoma, au kwa sababu ya umaskini. Walikuwa na matrekta, wana hati za mashamba, na wengine wana mawakili. Tena umeme waliokuwa wakigombana nao ulikuwa wa kwao wenyewe.

Nieleze hapo. Mwaka 1935, kati ya mashamba kumi ya Marekani ni moja tu hivi lililokuwa na umeme. Makampuni yalitazama mashamba yaliyotawanyika, yakaona hakuna faida, yakabaki mijini. Serikali ya Rais Franklin Roosevelt ikaanzisha wakala wa kukopesha fedha za kupeleka umeme mashambani, na wakulima wakaunda vyama vya ushirika, wakakopa, wakajenga njia zao. Wazee wetu waliozoea ushirika wa kahawa na pamba wangelielewa jambo hili mara moja. Kwa mkulima wa Minnesota chama cha umeme kilikuwa ni yeye na jirani zake. Alikwenda kwenye mkutano mkuu wa mwaka, akapiga kura, akala chakula, akarudi nyumbani.

Miaka ya 1970 ilipoingia, vyama vile vilikuwa vimeshakuwa vikubwa. Vyama 34 vilikuwa chini ya miungano miwili, nayo miungano hiyo ikaamua kujenga kituo cha kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe katika jimbo jirani la North Dakota, palepale makaa yanapochimbwa, na kuusafirisha umeme huo kwa njia yenye msongo wa kilovolti 400 hadi karibu na jiji la Minneapolis. Njia ilikuwa na urefu wa kilomita 700 hivi. Minara ilikuwa na kimo cha mita 45 na zaidi, na mkuza wake, yaani ukanda unaoachwa chini ya waya, ulikuwa na upana wa karibu mita 50. Hesabu ilikuwa nzuri. Mahitaji ya umeme yalikuwa yakipanda kila mwaka, na makaa yalikuwa tele.

Wakulima wakasikiaje? Mwaka 1974 walianza kutokea mawakala na karatasi za kutia saini, nyumba moja baada ya nyingine: bwana fulani, tunaomba ruhusa ya kupita kwako, malipo yako ni haya. Kila mtu alifuatwa peke yake, mezani kwake, bila kujua jirani amesema nini. Mkulima mmoja alipogundua kwamba njia inakuja, aliingia ndani ya gari lake akatangulia mbele ya mawakala, nyumba kwa nyumba, kuwaambia wenzake wasitie saini kwanza mpaka wakutane. Nadhani hapo ndipo mradi ulipopata upinzani wake, na haukupatikana kwa uchochezi wa mtu kutoka mbali. Watu walipokutana na kulinganisha waliyoambiwa, waliona kwamba waliotakiwa kujua habari hii kwanza ndio walioijua mwisho.

Vyama vilianza kwa kuomba vibali wilaya kwa wilaya. Wilaya iitwayo Pope ikaonekana inaelekea kukataa. Wenye mradi wakaliondoa suala wilayani, wakalipeleka kwenye baraza la mazingira la jimbo, ambalo kwa sheria ya mwaka 1973 lilikuwa na mamlaka ya kupanga njia za umeme mkubwa. Sheria iliruhusu. Lakini hebu jiweke katika nafasi ya mwananchi wa Pope: kiti ulichokuwa unakijua, cha diwani unayekutana naye kanisani na dukani, kimehamishiwa mjini ghafla siku ulipokaribia kusema hapana.

Mikutano ya kusikiliza maoni ilifanyika, na ilikuwa mingi. Maoni yaliandikwa, na makabrasha yakajaa. Kilichowakera watu ni mizani iliyotumika kuchagua njia. Hifadhi za wanyamapori ziliepukwa, viwanja vya ndege viliepukwa, na barabara kuu nazo hazikutakiwa kuwa na waya pembeni. Ukishaondoa hayo yote kwenye ramani, nini kinabaki? Shamba. Mkulima aliyeuliza kwa nini njia inakatiza katikati ya shamba lake, mahali ambapo mashine ya kumwagilia haitaweza tena kuzunguka, alijibiwa kwa vigezo. Bata wa ziwani alikuwa na sheria ya kumsemea; mahindi hayakuwa nayo.

Juni 1976 mkulima mmoja aliendesha trekta lake juu ya vifaa vya wapimaji. Baada ya hapo wapimaji walipotokea shambani, magari ya wakulima yalitokea pia. Januari 1977 gavana mpya, Rudy Perpich, ambaye alikuwa ameingia madarakani wiki chache tu kabla, alifanya jambo ambalo viongozi hawalifanyi mara nyingi. Alikwenda huko bila msafara, akaketi na wakulima majumbani mwao akawasikiliza. Watu walimpenda kwa hilo. Akapendekeza baadaye iundwe kama mahakama ya wanasayansi, ichunguze kama waya ule una madhara kwa afya ya watu na mifugo. Lakini njia ilikuwa imeshachorwa, kibali kimeshatolewa, na mikopo imeshatiwa saini. Kusikiliza kwake kungebadili nini? Septemba 1977 Mahakama Kuu ya jimbo ikawapa ushindi wenye mradi, na Januari 1978, katika baridi ya theluji, gavana yuleyule alipeleka askari wa barabara kuu zaidi ya 200, karibu nusu ya kikosi chote cha jimbo, kuwalinda wapimaji na mafundi wasizuiwe na wakulima.

Machi 5 mwaka huo watu wapatao 8,000 waliandamana kutoka mji mdogo wa Lowry hadi Glenwood. Fikiria ukubwa wa jambo hilo katika nchi ya mashamba, ambapo kumwona jirani yako ni lazima upande gari. Njia ikamalizwa hata hivyo. Agosti 1978, usiku, mnara wa kwanza ukaangushwa. Mtu alikuwa amefungua bolti za miguu yake. Ukafuata mwingine, na mwingine, ikapita 10, na vikombe vya kioo vinavyoshikilia waya vilipigwa risasi kwa maelfu. Mimi siwasifu walioangusha minara; mnara wenye umeme unaweza kuua mtu asiyehusika. Lakini sikiliza jambo moja. Minara ile ilisimamishwa upya, na vikombe vikanunuliwa vipya, na kwa kuwa chama ni cha ushirika, gharama za chama huishia kwa wanachama wake. Mkulima aliyekuwa akipiga risasi vikombe usiku alikuwa akijitozea ankara mwenyewe, yeye na jirani zake.

Profesa mmoja wa chuo, Paul Wellstone, alikuwa upande wa wakulima, na mwaka 1981 akatoa kitabu juu ya mgogoro ule pamoja na mwenzake Barry Casper. Mwaka 1990 Wellstone alichaguliwa kuwa seneta, na wapo waliompigia kura kwa kumbukumbu ya siku zile za theluji.

Kuna kitu kimoja kilichobaki katika sheria za Minnesota, na mimi ndicho kinachonivutia kuliko minara iliyoanguka. Mwaka 1977, wakati ugomvi umepamba moto, bunge la jimbo lilipitisha kifungu ambacho watu hukiita "nunua shamba". Kinasema kwamba mwenye shamba anayepitiwa na njia kubwa ya umeme, akiona hawezi kuishi nayo, anaweza kumlazimisha mwenye njia anunue shamba lake lote, na si ule ukanda wa chini ya waya peke yake. Kabla ya hapo mwenye mradi alikuwa akimwambia mkulima: nakulipa kipande hiki, kilichobaki hakijaguswa. Sasa mkulima anaweza kujibu: kama kilichobaki hakijaguswa, kichukue wewe. Kifungu kile hakikuwasaidia sana waliopigana, lakini miaka 30 na zaidi baadaye, njia mpya zilipojengwa katika jimbo lilelile, wenye mashamba walikitumia.

Turudi nyumbani, kwa sababu wakati huohuo nasi tulikuwa tunajenga. Kituo cha Kidatu kwenye Mto Ruaha Mkuu kilianza kutoa umeme mwaka 1975, na njia ya kilovolti 220 ikauleta Dar es Salaam kupitia Morogoro. Nani aliulizwa? Kumbuka miaka yenyewe. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alikuwa ametangaza kwamba kufikia mwisho wa 1976 kila mtu vijijini aishi katika kijiji. Mamilioni walikuwa wakihama, kwa hiari na kwa nguvu, nyumba zikiezuliwa. Katika nchi ambayo kaya nzima ilikuwa ikihamishwa na vyungu vyake, mkuza wa waya ulikuwa jambo dogo mno kuzusha mjadala. Ardhi ilikuwa ya umma chini ya udhamini wa Rais, na Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967 ilitazama zaidi kile mtu alichokiweka juu ya ardhi, yaani nyumba, minazi, mikorosho. Ardhi tupu ilihesabiwa kama haina bei. Wazee walioona minara ya kwanza ikija waliipokea kama wanavyopokea mvua. Kilichokuwapo ni amri na imani, na imani wakati ule ilikuwa kubwa. Mtu aliamini kwamba umeme ule wa Dar ni wa taifa, na taifa ni yeye.

Sheria za ardhi za 1999, ile Namba 4 na ile ya vijiji Namba 5, zilibadili msingi huo. Zilitamka kwamba ardhi ina thamani, na kwamba anayeondolewa alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Kanuni za 2001 zikaongeza posho ya usumbufu, usafiri, na faida iliyopotea, na riba pale fidia inapochelewa. Na sheria ya uthamini ya 2016 ikasema tathmini iliyokaa miaka miwili bila kulipwa inakufa, inabidi ifanywe upya. Ukizisoma sheria hizo utaona zinajibu vizuri sana swali la mtu alipwe nini. Swali la mzee wa chini ya mwembe ni jingine kabisa. Yeye hakuuliza bei.

Nani huumia pale swali hilo linapoachwa? Kwa hili twende kwa jirani zetu wa Kenya. Upande wa mashariki wa Ziwa Turkana, kati ya Mlima Kulal na Mlima Nyiru, kuna upepo ambao wenyeji wanaujua tangu zamani kwa kuwa unamwangusha mbuzi. Kuanzia Oktoba 2014 zilijengwa huko mashine za upepo 365, zenye uwezo wa megawati 310. Palikuwa mbali na kila kitu, kwa hiyo Serikali ya Kenya ilichukua jukumu la kujenga njia ya kilovolti 400 kutoka Loiyangalani hadi Suswa katika Kaunti ya Narok, kilomita 428. Mkataba ulisema mashine zikiwa tayari na njia haipo, umeme utalipiwa kana kwamba umetumika.

Mashine zilikuwa tayari mapema 2017. Njia haikuwapo. Mkandarasi kutoka Hispania alikuwa akifilisika, na mwaka huohuo akaondolewa, kazi ikachukuliwa na makampuni ya Kichina. Hiyo ni sababu moja, na ni kubwa. Nisiifiche ili hadithi yangu ipendeze. Sababu ya pili ilikuwa ni mkuza. Wenye mashamba hawakuwa wameafikiana na kampuni ya njia za umeme juu ya fidia, na penye shamba lisilolipwa mnara hauwezi kusimamishwa. Ukanda wa mita 60 kwa kilomita 428 unavuka watu wa namna nyingi: malisho ya Wasamburu yasiyo na hati ya mtu mmoja, kisha mashamba ya Nyandarua na Nakuru yenye hati na beni ya bei ya soko la Nairobi. Utaratibu mmoja ulitakiwa kuwaenea wote hao. Mnara wa 10 na mnara wa 12 huweza kuwa wamesimama kwa mwaka mzima, lakini kama wa 11 haupo, hapo pana vyuma tu.

Basi mashine zikasimama huko ziwani, upepo unavuma, Kenya inalipa. Mwaka 2017 serikali ilikubali kulipa shilingi bilioni 5.7 za Kenya, na deni lililobaki likasukumwa ndani ya bei ya umeme kwa miaka iliyofuata. Njia ilimalizika na kuwashwa Septemba 2018, na Rais Uhuru Kenyatta akauzindua mradi Julai 2019. Mtu wa Nairobi aliyekuwa akilalamika kwamba umeme ghali alikuwa, bila kujua, analipia pia mazungumzo ambayo hayakumalizwa mapema na mtu asiyemjua wa kaunti asiyoijua.

Na si waya tu. Wakazi wa Marsabit walikuwa wamekwenda mahakamani tangu 2014 wakisema ardhi ilipojengwa mitambo yenyewe, ekari 150,000, ilitolewa bila wao kushirikishwa inavyotakiwa. Oktoba 2021 mahakama ya mazingira na ardhi ikiketi Meru ilikubaliana nao kwamba hati zilipatikana kinyume cha utaratibu, ikatoa mwaka mmoja mambo yarekebishwe. Mradi ulikuwa umeshazinduliwa, upepo unazalisha, picha zimeshapigwa. Swali la "lini" likaja kuulizwa na jaji, miaka saba baada ya kesi kufunguliwa.

Nayasema haya kwa msikilizaji wa mjini kwa makusudi. Sisi ndio wanywaji wa umeme huu. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyofika Ubungo bila kupita juu ya shamba la mtu. Umeme unakwenda kwanza Chalinze kwa njia ya kilovolti 400, kilomita 160. Ile njia ya Singida, Arusha hadi Namanga, zaidi ya kilomita 400 upande wetu, ndiyo iliyotuunganisha na Kenya mwishoni mwa 2024. Nyingine zinajengwa, na nyingine ziko kwenye karatasi. Kwa zile zilizoko kwenye karatasi bado kuna mtu ameshika kalamu.

Nimewahi kuwauliza wahandisi, hasa wale wenye mvi, kwa nini watu wasiitwe kabla ya mstari. Majibu yao si ya kipuuzi. Wanasema ukitangaza njia mapema, bei ya ardhi inapanda, na usiku wa kuamkia tathmini inapandwa miche ya miembe kwa mamia, na vibanda vinaota kama uyoga. Ni kweli, nimeiona miche hiyo kwa macho yangu, mingine haina hata mizizi. Wanasema pia kwamba waya mkubwa hauwezi kupinda kila penye mwenye kelele, kila kona ni mnara mzito zaidi na fedha zaidi. Hilo nalo ni kweli. Lakini miche ya usiku mmoja hupandwa na mtu aliyejua kwamba siku ya tathmini ndiyo siku yake pekee ya kusikilizwa, na ameshaelewa kwamba siku hiyo hasikilizwi yeye, inahesabiwa miche. Ungemwita miaka miwili kabla, ukamwekea mezani njia tatu ambazo hata wewe hujaamua kati yake, angekuambia mambo ambayo ndege na setilaiti haziyaoni: hapa ni makaburi, hapa pana chemchemi wakati wa kiangazi, huyu mama ni mjane na shamba limeandikwa jina la shemeji yake, fidia ikija hataiona. Mambo hayo yote hutokea baadaye hata hivyo. Tofauti ni kwamba hutokea mahakamani, au kwa mtu aliyesimama na panga mbele ya gari la mradi.

Tangu 1980 Benki ya Dunia ina utaratibu wake juu ya watu wanaopisha miradi, na wakopeshaji wengine waliufuata. Kwa sababu hiyo siku hizi kila mradi mkubwa una orodha ya mahudhurio ya mikutano, majina na sahihi na dole gumba. Nimeziona orodha hizo. Kwa kweli hakuna mkutano wa kijiji uliohudhuriwa na watu wengi kama ule ulioandikwa kwenye orodha ya mradi.

Miaka kadhaa iliyopita nilipita tena katika kile kijiji cha Morogoro. Njia ilikuwa imeshajengwa siku nyingi. Mzee yule alikuwa amefariki, lakini nilimkuta mwanawe, mtu wa makamo, akanikaribisha uani. Nyumba yake ina umeme, maana siku hizi karibu vijiji vyote vimefikiwa, na mita ya LUKU ilikuwa ukutani kama ya kwangu. Nilimwambia kwamba nilikuwapo siku ya mkutano na kwamba nilimrekodi baba yake. Alifurahi mno, akaniuliza kama sauti ile ilitoka redioni. Nikamwambia haikutoka.

Tulipokuwa tukiagana nilimwomba anipeleke kwenye ule mwembe wa mkutano, nipige picha. Akaniongoza mpaka chini ya waya, akanionyesha kisiki kilichoota majani. Mwembe, kumbe, ulikuwa ndani ya mkuza. Siku ile sote tulikuwa tumekaa ndani ya mstari mwekundu, na hakuna aliyetuambia.

Nikamuuliza mikutano ya kijiji siku hizi hufanyika wapi.

"Shuleni," akasema, "watoto wakishatoka."